Pauni za dhahabu za Pistrucci: nimenunua za zamani na mpya, hii ndo tathmini yangu

Nianze na ile iliyochoka kuliko zote. Ni ya 1876, upande mmoja Malkia Victoria bado kijana, upande wa pili Mtakatifu George na joka lake, imeshikwa na mikono mingi mpaka paja la yule mpanda farasi limekuwa laini kama kokoto la mtoni na nywele za malkia zimebaki kivuli. Ila ukiiinamisha kidogo dirishani farasi anatoka, joka linatoka, joho linapepea nyuma ya mgongo, yaani kila kitu kipo. Muuzaji hata hakuitazama, aliiweka kwenye mizani, akapiga hesabu ya dhahabu, akaitupia kwenye kibahasha. Pembeni yake kwenye meza nina ya 2017, prufu, yaani ile inayopigwa kwa namna ya pekee kwa ajili ya wakusanyaji, ipo ndani ya kapsuli, kapsuli ipo ndani ya sanduku, sanduku lina cheti, ukiifungua inang'aa unajiona mpaka meno. Hiyo ya pili ilinitoka pesa nyingi tu kuliko ya kwanza na uzito wa dhahabu ni karibu uleule. Sasa swali ninaloulizwa kila siku ni lipi bora kwa mtu anayetaka kukusanya kazi za huyu mchongaji, na jibu langu siku hizi linawaudhi wenye masanduku.

Kwa wasiojua, hizi ndo zile sovereni za Uingereza ambazo bibi na shangazi zetu waliziita pauni tu, wakazitia pete na kuzining'iniza kwenye mkufu siku ya harusi. Shangazi yangu alikuwa nazo tatu, mimi nikiwa mtoto nilikuwa nacheza na ya katikati kifuani kwake nikidhani yule farasi anakanyaga nyoka. Nilipokuja kuishi huku Uingereza nikakuta pauni zilezile zinauzwa dukani kama maandazi, nikanunua moja kwa ajili ya kumbukumbu, kumbe ndo nimekwisha. Miaka sita sasa. Kwetu nako kuna ile ya Tabora ya 1916 yenye tembo, rupia 15, Wajerumani waliipiga kwenye karakana ya reli vita vikiwa vimewabana, lakini hiyo ni habari nyingine na bei yake pia ni habari nyingine, turudi kwa farasi.

Mchongaji anaitwa Benedetto Pistrucci, mzaliwa wa Roma 1783, na kazi yake ya asili haikuwa sarafu kabisa. Alikuwa anachonga vito, zile picha ndogo kwenye mawe ya thamani ambazo matajiri wa enzi hizo walikuwa wanazigombania hasa zikiwa za kale za Wagiriki na Warumi. Aliingia London 1815 na kisa kilichompa jina ni kitamu sana. Alikuwa kwa Sir Joseph Banks, mwanasayansi mwenye jina kubwa, akaja Richard Payne Knight, mtaalamu mkubwa wa vitu vya kale, kumuonyesha Banks jiwe moja lenye sura ya mungu mke Flora, ambalo alilinunua akiamini ni la zamani mno. Pistrucci akalitazama akasema hili jiwe nimelichonga mimi. Alilichonga Italia kwa ajili ya dalali mmoja aliyelipa kidogo, dalali akaenda kuliuza kama la kale. Knight alikataa katakata kukubali, yaani mtu anakuja mwenye kazi yake mwenyewe anasema ni yangu halafu mtaalamu anamwambia hapana wewe hujui! Hilo jiwe liko British Museum mpaka leo. Banks lakini alimwamini, akampa kazi ya kuchonga sura ya Mfalme George wa 3, na kupitia mlango huo Pistrucci akafika kwa William Wellesley Pole aliyekuwa mkuu wa kiwanda cha sarafu cha kifalme.

Nawaeleza hili sio kwa kupamba. Ukijua mtu huyu alikuwa wa vito utaelewa kwa nini ile 1876 yangu iliyochakaa bado inasomeka. Mchonga vito anafanya kazi kwenye kitu kidogo kuliko ukucha, anajua kabla hajaanza kwamba kitakachoonekana ni umbo, sio vinyweleo. Kwenye sarafu ya milimita 22 tu amempanga farasi kwa mshazari, joka limejikunja chini kuziba pengo, joho linajaza nyuma, mkono wenye upanga umerudi nyuma kufunga duara, hakuna sehemu imelala. Hata ikisuguliwa miaka mia bado duara lile linafanya kazi. Waliokuja kuchora matoleo yao ya George na joka, ile ya 2005 ya Timothy Noad na ile ya 2012 ya Paul Day, ni kazi nzuri na mi ninazo zote mbili, ila zikae mfukoni na funguo miaka kumi tuone.

Halafu kuna habari ya George mwenyewe kuwa karibu uchi. Kofia ya chuma, joho, viatu, basi. Upanga mfupi kiasi kwamba ukipima kwa jicho hauwezi kulifikia joka mpaka ashuke, na hana hata pa kukanyagia miguu kwenye tandiko. Mtu aliyewahi kupanda farasi atakwambia huyu bwana anaanguka sasahivi. Mi hilo silioni kama kasoro maana ni mtindo wa Kigiriki na ndivyo alivyokusudia, ila ukimuonyesha mtoto ndo swali la kwanza, mbona hajavaa nguo.

Sasa tuje kwenye kununua.

Pauni ya kwanza kabisa ya mfumo huu ilitoka 1817 na hapo Pistrucci amefanya pande zote mbili, kichwa cha George wa 3 mbele, na nyuma George na joka akiwa amezungushiwa mkanda wenye maneno ya Kifaransa cha zamani HONI SOIT QUI MAL Y PENSE, yaani aibu kwa anayewaza ubaya. Kwenye hiyo George hajashika upanga, ameshika kipande cha mkuki uliovunjika. Upanga ulikuja 1821, na mkuki uliovunjika ukawa umelala chini. Ukiona mtu anauza ya 1817 na George kashika upanga, funga mlango taratibu uondoke. Za 1817 zilipigwa zaidi ya milioni 3 kwa hiyo zinapatikana, sio rahisi lakini zinapatikana. Ya 1819 ndo balaa, zilipigwa 3,574 tu na zilizobaki ni za kuhesabu, hiyo tuwaachie wenye visima vya mafuta.

Kilichofuata ni ugomvi na huu ugomvi ndo sababu ya mimi kuipenda ile 1876. Mchongaji mkuu wa kiwanda, Thomas Wyon, alikufa 1817 akiwa bado kijana. Pistrucci akafanya kazi ya mkuu ila cheo hawakumpa, maana ni mgeni. Magazeti yalikuwa yanamsema, na yeye naye hakuwa mtu wa kunyamaza, kwenye krauni, ile sarafu kubwa ya fedha, ya 1818 aliandika jina lake lote PISTRUCCI pande zote mbili watu wakasema huyu ana majivuno. Na kabla ya hapo sura yake ya mfalme iliyohamishiwa kwenye sarafu na mkono wa Wyon ilitoka mbaya mpaka ile nusu krauni ikabandikwa jina la kichwa cha fahali, na inasemwa hapo ndo aliamua kujifunza kuchonga chuma cha muhuri, kile kinachogandamiza picha kwenye sarafu, mwenyewe asimuachie mtu. Akaja Mfalme George wa 4, hakuipenda sura yake aliyochongwa na Pistrucci, akataka inakiliwe kutoka kwenye sanamu ya Chantrey, mchonga sanamu. Pistrucci akagoma, akasema yeye hanakili kazi ya mtu mwingine. Kazi ikapewa William Wyon, wa ukoo uleule, akaifanya vizuri, na 1825 joka likatolewa kwenye pauni ikawekwa ngao. Mwaka 1828 wakawagawanya, Wyon akawa mchongaji mkuu na Pistrucci akapewa cheo cha mkuu wa medali, wakae jengo moja na chuki zao.

Wyon akafa 1851, Pistrucci 1855. Halafu 1871 naibu mkuu wa kiwanda, Charles Fremantle, akalirudisha joka kwenye pauni, na kwa sababu sura ya malkia iliyokuwa inatumika bado ni ile ya Wyon, wale mahasimu wawili wakajikuta wamebebana mgongo kwa mgongo kwenye sarafu moja. Shika ya 1876, weka lenzi ya sonara pale shingo ya malkia ilipokatika utaona WW, geuza, chini kulia karibu na mwaka utaona BP. Mi nikionyesha watu hilo huwa nanyamaza tu nawaacha wageuze wenyewe.

Za aina hiyo, Victoria kijana na joka, zilipigwa London na pia Sydney na Melbourne, kuanzia 1871 mpaka 1887 zilipokoma. Za Australia zina S au M chini ya shingo ya malkia. Kuna wachunguzi wanaogawa mpaka BP kubwa, BP ndogo na isiyo na BP kabisa, na urefu wa mkia wa farasi, ukiingia huko mke atakuhama, lakini ni mchezo wa bei nafuu kwa sababu wauzaji wengi hawaangalii, wanapima tu. Kwa zile za kawaida mi huwa nalipa asilimia chache tu juu ya bei ya dhahabu ya siku hiyo. Zilizotoka baadaye, za wafalme Edward wa 7 na George wa 5, ndo zimejaa zaidi, na hapo unaweza kukusanya kwa viwanda, P ya Perth, C ya Ottawa, SA ya Pretoria, na ile I ya Bombay ambayo ni mwaka 1918 peke yake. Joka ni lilelile, limezunguka dunia nzima, herufi ndo inabadilika pale ardhini juu ya mwaka.

Sasa kisa cha pesa yangu kuliwa, maana tathmini bila machungu ni tangazo.

Mwaka wa tatu nilitaka ya 1821, ya George wa 4 mwenye shada kichwani, kwa sababu ni kati ya zile chache ambazo pande zote mbili ni mkono wa Pistrucci. Nikaikuta kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, jina nalihifadhi, picha kali, maelezo yanasema hali nzuri sana, imetoka kwenye mkusanyiko wa familia. Nikalipa. Ikaja inang'aa. Mi nikafurahi! Inang'aa ya miaka 200 na mi nafurahi, ujinga ulioje. Jumamosi nikampelekea mzee mmoja sonara, mtu wa Unguja, amekaa huku miaka mingi, tunamuheshimu wote.

Akaipokea kwa vidole viwili, hakuweka hata miwani. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo, polepole, kama mtu anayetafuta ncha ya uzi. Alipofika juu ya kichwa cha mfalme akasimama.

"Hii ilivaliwa hii, mwanangu."

"Ilivaliwa vipi, mzee?"

"Ilitiwa pete. Gusa hapa."

Nikagusa. Palikuwa na kivimbe, kidogo kama punje ya chumvi. Akanipa lenzi, nikaona meno ya ukingo yamezibwa na lehemu kama upana wa punje ya mchele, upande wa chini napo vilevile, halafu uwanja wote nyuma ya kichwa una vimikwaruzo vyembamba vya kitambaa, imesuguliwa na dawa ili kuficha. Ngozi ya asili ya ile dhahabu, ile rangi nzito nyekundu nyekundu inayokaa kwenye mabonde ya nywele, hakuna. Mzee akanirudishia akasema dhahabu ni ya kweli usilie sana, kilichoibiwa ni uso.

Nikamwandikia muuzaji. Siku tisa za maneno. Mara anasema imeuzwa kama ilivyo, mara ananipa kifungu cha sheria za huku kinachosema haki ya kurudisha ndani ya siku 14 haihusu bidhaa ambazo bei yake inafuata soko la fedha. Kifungu kipo kweli, ila mi sikuwa narudisha kwa kubadili mawazo, nilikuwa nasema maelezo hayakuwa ya kweli, na hiyo ni kesi tofauti kabisa. Mwishoni alinirudishia sehemu ndogo ya pesa ili ninyamaze, nikachukua kwa sababu nilishachoka. Kosa langu ni kwamba sikuomba picha ya ukingo. Siku hizi nikinunua ya zamani kitu cha kwanza naomba ni ukingo, saa sita ya sarafu na saa kumi na mbili, juu na chini, ndo pete zinapokaa. Anayekataa kupiga hizo picha kashajibu.

Vipimo vingine ninavyofanya nyumbani ni vya kawaida. Pauni kamili ni gramu 7.988, upana milimita 22.05, unene 1.52 hivi. Iliyochakaa inapungua kidogo na zamani ikishuka chini ya gramu 7.94 hivi haikuhesabika tena kuwa pesa, kwa hiyo ile 1876 yangu yenye 7.95 imeponea chupuchupu. Mizani yenye desimali mbili haina gharama, nunua hiyo kabla ya sarafu. Dhahabu yake ni karati 22, iliyobaki ni shaba, ndo maana ina wekundu, na sumaku haiigusi kabisa. Ila tahadhari, feki za hizi sio lazima ziwe za shaba. Baada ya vita ya pili watu wa masoko ya nje walikuwa wanaitaka pauni kuliko dhahabu tupu, kwa hiyo mafundi wa feki, Beirut ikiwa maarufu kwa hilo, walipiga feki za dhahabu kabisa, uzito uko sawa, karati iko sawa au karibu, na bado wanapata faida. Hizo unazikamata kwa jicho, uso wa joka unakuwa kama sabuni iliyolowa, herufi zimenenepa, na kwenye uwanja kuna vitundu au vipele. Ya London ya 1917 ndo inaongoza kwa kufekiwa kwa sababu ya kweli ni adimu. Hiyo usiinunue bila kuwa imepitishwa na kampuni za upimaji kama NGC au PCGS, zile zinazoifunga kwenye kisanduku cha plastiki na kuipa namba. Kwa pauni za kawaida mi naona plastiki ni kupoteza raha, sarafu ya mtu aliyechonga kwa ajili ya kushikwa unaifungia isishikwe!

Haya, za kisasa. Kiwanda cha kifalme siku hizi kiko Llantrisant kule Wales na kila mwaka wanatoa pauni mpya, ya kawaida ya bulioni, yaani ya kununuliwa kwa ajili ya dhahabu yake tu, na ya prufu. Prufu inapigwa kwa mihuri iliyosafishwa maalumu ili uwanja uwe kioo na picha iwe na ukungu mweupe, ni kazi safi huwezi kuilaumu. Tatizo ni kwamba unalipia sanduku. Nilinunua prufu tatu za miaka ya kufuatana nikidhani najenga kitu, na nilipotaka kuuza moja duka la kwanza likanipa bei ya dhahabu na nyongeza ya chai. Prufu ya mwaka usio na sababu ni zawadi, mpe mtu aliyehitimu, usijidanganye umewekeza.

Ya 2017 ndo naitofautisha. Ilikuwa miaka 200 ya pauni ya 1817 na wakarudisha mchoro wa kwanza kabisa kwenye prufu, mkanda wenye maneno, George na mkuki uliovunjika, kama alivyoanza Pistrucci. Kwa mtu ambaye hawezi kununua ya 1817 yenye uso mzuri, hii inakupa kuona mchoro ule ulivyotoka kwenye muhuri ukiwa mbichi. Nilikaa nayo na lenzi usiku mmoja mpaka chai ikapoa, unaona kidole cha mguu wa mbele wa joka kinavyoshika hewa. Kwenye za zamani sijawahi kukiona hata siku moja. Upande wa malkia, huyu ni Elizabeth wa 2, umechongwa na Jody Clark, ni mzuri, ila sikuinunua kwa ajili ya huo. Wale wa bulioni 2017 hawakupata mkanda, wamewekewa kichapa kidogo cha 200 tu, nao wanapatikana kwa nyongeza ndogo, kwa bajeti ya kawaida ningechukua huo.

Nigusie pia ule mfululizo wao wa wachongaji wakuu, maana watu wananichanganyia. Huo ulianza 2019 kwa Una na Simba, picha ya Una, binti wa kwenye shairi la zamani, akiwa na simba, na huo ni wa William Wyon, yule hasimu, kutoka kwenye pauni tano yake ya 1839. Ilipotoka watu waligombania kama mafuta ya bei ya zamani na bei zikapaa juu ya mawingu. Nimeiona kwa macho kwenye maonyesho mara moja, kioo katikati, nikasalimu amri. Ni nzuri kweli. Pistrucci angekasirika.

Na kama unajiuliza kwa nini hakuna medali yake kubwa ya dhahabu ya kukusanya, ile ya Waterloo, hiyo nayo ni hadithi. Alipewa kazi 1819 ya medali ya ushindi dhidi ya Napoleon, wapewe wafalme walioungana dhidi yake pamoja na majenerali, akaikabidhi 1849. Miaka 30! Waliotakiwa kuipokea karibu wote walikuwa wameshakufa, amebaki Jenerali Wellington. Na mihuri yake ilikuwa mikubwa mno, wakaogopa kuichoma ili iwe migumu isije ikapasuka, kwa hiyo haikupigwa kabisa kama ilivyokusudiwa, wakatoa nakala kwa njia nyingine. Fundi wa hivyo ukimpa kazi ya kabati la jikoni utahama nyumba kabla halijaisha, ila kabati lingekuwa kabati.

Upande wa kodi, kwa mnaoishi huku, ni mtamu kidogo. Pauni za dhahabu za uwekezaji hazina VAT, na kwa kuwa ni pesa halali ya nchi, faida yake ukiuza haikatwi kodi ya ongezeko la mtaji. Ila hii wengi hawaijui, msamaha huo ni kwa zilizopigwa kuanzia 1837. Za Pistrucci za mwanzo, 1817 mpaka 1825, sio pesa tena, zinahesabiwa kama mali ya kawaida, kwa hiyo ukiuza moja kwa zaidi ya pauni 6,000 za noti unaingia kwenye hesabu nyingine. Kwangu mimi hilo halijawahi kuwa tatizo na sioni likiwa.

Alama zangu basi. Victoria kijana na joka, iliyochakaa kwa heshima, isiyosuguliwa, 9 kwa 10, ile moja naikata kwa sababu kuzitafuta kunakula Jumamosi zote. Prufu ya 2017 nampa 8. Edward na George wa 5 za kawaida 7, ni chakula cha kila siku. Ya 1817 halisi 10 kama una uwezo, mi nimeishika mara mbili kwenye mnada na nimeirudisha mara mbili. Prufu za kila mwaka 5, na sanduku ni zuri, naweka vifungo vya mashati.

Ile 1821 ya lehemu ilikaa kwenye droo muda mrefu, sitaki kuiona, kuiuza siwezi bila kumdanganya mtu kama nilivyodanganywa. Mwezi uliopita binti wa shangazi amepata mchumba, nikairudisha kwa mzee nikamuuliza kama inawezekana kuitia pete tena, ivaliwe siku ya harusi. Akaigeuzageuza, akauliza pete ya lehemu au ya makucha, nikamwambia makucha, mzee, isiguswe tena na moto. Akasema basi njoo Alhamisi, na farasi aangalie nje au mfalme? Nikamwambia farasi.